Usitukane Wakunga: Funzo la Matilda Binti Henry

Wengi waliopoteza ufalme waliupoteza kwa kushindwa vitani. Matilda, binti wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, aliupoteza akiwa ameshinda. Juni 1141 hasimu wake alikuwa kifungoni, ngome kubwa ya London ilikuwa mikononi mwa mtu aliyekubali kumtumikia, viongozi wa kanisa walikwisha kumtangaza kuwa Bibi wa Waingereza, na kanisa la Westminster, wanakovikwa taji wafalme wa nchi ile, lilikuwa mbele ya macho yake. Hakuwahi kuvikwa. Siku chache za maneno makali zilimtoa London mbio, chakula kikiwa mezani, na vita vilivyokuwa vimekaribia kwisha vikaendelea kwa miaka mingine kumi na miwili.

Kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu Matilda hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa na haki, na kila aliyemnyima alijua hivyo. Funzo lake basi linawahusu hasa wale waliodhulumiwa kweli, wakangoja miaka, kisha siku moja mambo yakawageukia. Hao ndio walio katika hatari ya kudhani kuwa mwenye haki hahitaji tena kumsikiliza mtu.

Kiapo bila ngome

Matilda alizaliwa mwaka 1102. Babu yake alikuwa William, mtawala wa Normandy aliyevuka bahari mwaka 1066 na kuiteka Uingereza. Akiwa na miaka minane alipelekwa Ujerumani kuwa mchumba wa Mfalme Henry wa Tano, na Januari 1114, kabla hajatimiza miaka kumi na miwili, akafungishwa ndoa katika mji wa Worms. Huko alikulia, na huko alijifunza kutawala. Hajafika hata miaka ishirini, mumewe, ambaye sasa alikuwa Kaizari, alimwacha Italia asikilize kesi na kutoa hukumu kwa niaba yake. Hakuwa basi msichana wa kukaa nyuma ya pazia. Alizoea kuona watu wazima wakiinama mbele yake, na mazoea hayo tutayakumbuka mbele ya safari.

Nyumbani Uingereza hakuna aliyemfikiria kuwa mrithi, maana alikuwa na mdogo wake wa kiume, William. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 mambo yote yakageuka. Mfalme na watu wake walikuwa katika bandari ya Barfleur, Normandy, tayari kuvuka kurudi Uingereza. Akaja nahodha mmoja, Thomas, ambaye baba yake ndiye aliyemvusha William mwaka 1066, akaomba heshima ya kumbeba mfalme katika jahazi lake jipya lililoitwa Jahazi Jeupe. Mfalme alikwisha kupanga chombo chake, lakini akamruhusu kumchukua mwanawe na vijana wa nyumba kubwa. Vijana wakawapa mabaharia mvinyo. Watu wapatao 300 wakajazana, wakaondoka giza limeshaingia, wakitaka kulipita jahazi la mfalme lililotangulia. Hawakufika mbali. Chombo kiligonga mwamba karibu na pwani, kikazama.

Mwana wa mfalme aliwahi kutiwa katika mashua ndogo, naye angeokoka. Lakini alisikia kilio cha dada yake wa baba mmoja, akaamuru mashua irudi. Watu waliokuwa wakizama wakairukia, nayo ikazama pamoja naye. Mwandishi wa tarikh Orderic Vitalis anasimulia kuwa aliyefika nchi kavu akiwa hai ni mmoja tu, mchinja nyama wa mji wa Rouen aitwaye Berold, aliyeshikilia mti wa jahazi hadi kukacha. Miongoni mwa walioshuka kabla ya safari kuanza alikuwa kijana aitwaye Stephen wa Blois, aliyekuwa akiumwa tumbo. Stephen alikuwa mtoto wa shangazi yake Matilda. Lishike jina lake.

Mfalme Henry alioa tena, hakupata mtoto. Mwaka 1125 Kaizari akafariki, na Matilda, mjane wa miaka ishirini na mitatu asiye na mtoto, akarejea kwa baba yake. Henry akafanya jambo ambalo Uingereza haikuwahi kuliona: tarehe 1 Januari 1127 aliwakusanya maaskofu na mabwana wa nchi, akawaapisha kuwa akifa bila mtoto wa kiume, watampokea Matilda. Wa kwanza kuapa miongoni mwa mabwana alikuwa David, Mfalme wa Uskoti, mjomba wake Matilda. Baada yake watu wawili wakagombania nani atangulie kuapa: Robert, Mwinyi wa Gloucester, mwana wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa, na yule Stephen wa Blois. Stephen alishinda ugomvi ule. Aliapa mapema, tena kwa fahari.

Hapa baba mtu alifanya kosa ambalo wazee wengi wenye mali hulifanya hadi leo. Alimpa binti yake kiapo, hakumpa nguvu. Mwaka 1128 alimwoza kwa Geoffrey wa Anjou, kijana wa miaka kumi na minne wa ukoo uliokuwa hasimu wa watu wa Normandy tangu zamani. Ngome za mpakani zilizokuwa sehemu ya mahari ya bintiye akazikalia mwenyewe. Matilda na mumewe walipozidai, mzee alikasirika, wakawa katika ugomvi. Katika ugomvi huo, tarehe 1 Desemba 1135, Henry akafa huko Normandy, na inasimuliwa kuwa aliugua baada ya kula samaki aliokatazwa na tabibu wake. Mrithi alikuwa mbali, tena mjamzito, hazungumzi na baba yake, hana hata ngome moja upande wa pili wa bahari.

Stephen hakungoja mazishi. Alivuka kutoka Boulogne, nchi ya mkewe, akapokewa na watu wa London, akaenda Winchester ambako ndugu yake Henry alikuwa askofu, akapata hazina ya ufalme. Askofu mkuu alisita kwa ajili ya kile kiapo. Akatokea bwana mmoja, Hugh Bigod, akaapa kuwa mfalme alipokuwa akikata roho alibadili nia. Tarehe 22 Desemba Stephen akavikwa taji. Zilikuwa zimepita wiki tatu tu tangu mjomba wake afe.

Mwaka wa ushindi

Matilda hakukaa akalia. Mwaka 1138 kaka yake Robert wa Gloucester alivunja utii kwa Stephen na kujiunga naye. Robert alikuwa tajiri, shujaa, mtu wa busara, na kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa hakujitafutia taji. Alichotaka ni dada yake apate haki. Mtu wa namna hiyo kwa kiongozi ni hazina. Septemba 1139 wakashuka pamoja katika pwani ya kusini, Arundel, na Robert akaifanya ngome yake ya Bristol kuwa makao ya vita.

Tarehe 2 Februari 1141 majeshi yalikutana Lincoln. Wengi wa mabwana wa Stephen walikimbia mapema. Yeye mwenyewe hakukimbia. Alipigana kwa miguu, upanga ukavunjika, akapewa shoka na mtu wa mji ule, akaendelea mpaka nalo likavunjika, akapigwa jiwe, akakamatwa. Mfalme aliyevikwa taji akapelekwa Bristol kuwa mateka.

Baada ya hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Askofu Henry wa Winchester, ndugu wa Stephen na mjumbe wa Papa, alipatana na Matilda. Mwezi Machi alimpokea Winchester na kumkabidhi hazina, na mwezi Aprili aliwakusanya wakuu wa kanisa wakamkubali kuwa Bibi wa Waingereza, cheo cha kushika mpaka siku ya kuvikwa taji. Lililobaki ni London. Taji lilivikwa Westminster, na Westminster haifikiki kwa amani ikiwa watu wa London hawataki.

Wahenga wetu walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mambo ya Matilda mwezi Juni 1141. Ushindi wake ulikuwa mimba iliyofikia siku zake, na waliopaswa kuupokea walikuwa watatu: watu wa London, Askofu Henry, na watu wa kambi yake mwenyewe waliojua kupatanisha. Akawatukana wote.

Siku za London

Watu wa London walikuja kwake na ombi. Hawakuja kwa jeuri. Walikuwa wafanyabiashara, na biashara yao ilitegemea bahari iliyo kati yao na Boulogne na Flanders. Walimpenda Stephen kwa sababu mkewe ndiye mwenye Boulogne. Hata hivyo walikuwa wamekubali kumfungulia Matilda milango. Naye aliwadai fedha nyingi mara moja. Wakamweleza kuwa vita vimewafilisi, wakaomba awapunguzie au awape muda. Wakaomba pia watawaliwe kwa sheria za Mfalme Edward wa zamani, siyo zile za baba yake zilizowalemea.

Mwandishi wa kitabu cha matendo ya Stephen anaeleza alivyojibu: uso umekunjamana, macho makali, sauti ya juu, akiwakumbusha kuwa fedha zao walimpa adui yake. Hakupunguza chochote. Wale wazee wakarudi kwao kimya. Tuupime ukweli wa jibu lake. Ni kweli walimsaidia Stephen. Ni kweli alihitaji fedha, kwa kuwa hazina ilikuwa imeliwa na vita. Katika hoja alikuwa sahihi. Lakini wale aliokuwa akiwahesabia makosa walikuwa bado na uwezo wa kumkataa, na deni la jana hulipwa vizuri zaidi na mtu anayetaka ufanikiwe kesho.

Ombi la pili lilitoka kwa mwanamke mwenzake. Mke wa Stephen naye aliitwa Matilda, Matilda wa Boulogne. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja, mabinti wa Mfalme wa Uskoti, kwa hiyo kwa hesabu yetu wanawake hawa wawili walikuwa ndugu, na Mfalme David alikuwa mjomba wa wote wawili. Matilda wa Boulogne aliomba mumewe afunguliwe. Waliomsemea walikuwa tayari kutoa ahadi kuwa Stephen angeacha ufalme kabisa, aishi kama mtawa au mhujaji. Aliomba pia mwanawe Eustace asinyang'anywe urithi wa nyumba yao. Askofu Henry naye aliunga mkono hilo la Eustace, maana kijana alikuwa mtoto wa ndugu yake.

Akajibiwa kwa matusi. Askofu, ambaye miezi mitatu nyuma alimkabidhi hazina, akanyimwa hata kile kidogo alichomwombea mtoto wa ndugu yake. Fikiria gharama ya kukubali ilikuwa kiasi gani: ardhi ambazo Stephen alikuwa nazo kabla ya kuwa mfalme, zirudi kwa mwanawe. Kwa bei hiyo Matilda angenunua utii wa askofu mwenye nguvu kuliko wote nchini, angemnyamazisha mke wa Stephen, na mabwana waliokuwa wakisitasita wangeona kuwa mtu akishindwa na Matilda bado anaweza kuishi.

Yule mwandishi anataja na jambo jingine dogo, lakini zito. Mjomba wake Mfalme David, Askofu Henry na kaka yake Robert walipofika mbele yake na kuinama, hakuinuka kuwapokea. Hawa ndio walioiweka kampeni yake mabegani. Walipomshauri, aliwarudisha kwa majibu makavu na kufanya alilotaka.

Msomaji makini atasema kuwa mwandishi huyo alikuwa mtu wa Stephen, na hilo ni kweli. Lakini William wa Malmesbury, aliyeandika akimtukuza Robert, naye anasema kuwa lau watu wa upande ule wangemsikiliza Robert na upole wake, hali isingewageukia vibaya kama ilivyowageukia. Adui akikulaumu, unaweza kusema ni chuki. Rafiki wa kaka yako akisema lile lile, hilo limekuwa ushahidi.

Matilda wa Boulogne hakulia akanyamaza. Alikusanya jeshi katika jimbo la Kent, akalileta hadi ukingo wa kusini wa mto Thames, na watu wa London wakaona kwa macho yao mashamba na nyumba ng'ambo ya mto zikichomwa. Sasa walikuwa kati ya wanawake wawili. Mmoja aliwadai fedha na kuwakaripia. Mwingine aliwaomba wamsaidie kumrudisha mumewe. Walichagua.

Tarehe 24 Juni 1141, sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, Matilda alikuwa Westminster akijiandaa kula. Kengele za makanisa ya mji zikalia zote kwa pamoja. Milango ya mji ikafunguka, watu wakamiminika na silaha. Aliyemletea habari alimwahi kidogo tu. Yeye na watu wake wakaparamia farasi wakaondoka mbio kuelekea Oxford, na muda si muda umati ukaingia katika makao yake ukabeba kila kilichoachwa. Wengi wa waliotoka naye walipukutika njiani, kila mtu akishika njia ya kwao.

Gharama ya jibu moja

Kilichofuata kilikuja kwa haraka. Askofu Henry alimwacha. Matilda akaenda Winchester kumzingira, naye Matilda wa Boulogne akaja na jeshi kubwa, wakiwemo watu wa London, akawazingira waliokuwa wakizingira. Mji uliungua. Tarehe 14 Septemba ilibidi Matilda akimbie tena, akipanda farasi kama mwanamume ili aende kasi. Robert alibaki nyuma kulizuia jeshi la adui ili dada yake apate nafasi, akakamatwa katika kivuko cha Stockbridge. Matilda alifika Devizes akiwa hoi, na inasimuliwa kuwa kutoka hapo alibebwa juu ya machela, amefungwa kama maiti, mpaka Gloucester.

Bila Robert hakuwa na jeshi. Hakukuwa na njia ila kubadilishana mateka: Novemba 1141 Stephen aliachiwa, na Robert akaachiwa. Mwezi Juni alikataa kumfungua Stephen hata kwa ahadi ya kuacha ufalme. Mwezi Novemba alimfungua akiwa mfalme kamili, bila ahadi yoyote.

Mwaka uliofuata Stephen alimzingira katika ngome ya Oxford kwa karibu miezi mitatu. Desemba chakula kilikwisha. Usiku mmoja Matilda, akiwa amejitanda nguo nyeupe asionekane katika theluji, alitoka kimya na askari wachache, akapita katikati ya walinzi, akauvuka mto Thames ulioganda barafu, akatembea kwa miguu usiku katika baridi hadi Abingdon, na kutoka hapo akafika Wallingford kwa rafiki yake Brian FitzCount. Ujasiri wa mwanamke huyu hakuna aliyewahi kuutilia shaka. Lakini ujasiri ulimtoa Oxford salama, haukumrudisha London.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtawa mmoja wa Peterborough aliandika jinsi wenye ngome walivyowakamata wake kwa waume waliodhaniwa kuwa na mali, wakawatundika miguu juu na kuwafukiza moshi mpaka waseme walikoificha. Vijiji vilihamwa, mashamba yakabaki bila mkulima. Watu hawa hawakukataa kodi London wala hawakumwapia Stephen. Walilipa bei ya maneno yaliyosemwa katika chumba ambacho hawakuwahi kukiona. Kila mwenye mamlaka anapaswa kulipima hili kabla ya kujibu kwa hasira: atakayeumizwa na jibu hilo huwa hayuko chumbani.

Alionewa, na bado alikosea

Haki itendeke katika kusimulia. Matilda alihukumiwa kwa mizani ambayo wanaume hawakupimiwa. Baba yake, alipoona sarafu zake zimechakachuliwa, aliagiza mwishoni mwa mwaka 1124 wafua sarafu wa Uingereza wakatwe mikono ya kulia na kuhasiwa, na waandishi walimsifu kuwa mlinzi wa haki. Binti yake alikunja uso na kudai kodi, wakaandika kuwa amepungukiwa na staha ya kike. Matilda wa Boulogne alichoma mashamba na nyumba mkabala na London hadharani, lakini kwa kuwa alipigania mume na mtoto, alisifiwa. Kiti chenyewe hakikuwahi kukaliwa na mwanamke pale Uingereza, na wapo waliotafuta tu kisingizio.

Nayasema haya kwa uzito wote, kwa sababu yanalifanya funzo kuwa kali zaidi. Anayepita njia iliyotegwa hana budi kuangalia anapokanyaga kuliko anayepita barabara iliyofagiliwa. Si uungwana kwamba iwe hivyo, na waliotega wana dhambi yao. Lakini Matilda alijua nchi ile ilivyo. Alikuwa na kaka aliyemwambia. Alikuwa na mjomba mfalme wa kumwambia. Kudhulumiwa na watu fulani hakumpi mtu ruhusa ya kuwafungia masikio wale wanaompenda.

Wala funzo si kwamba upole peke yake unatosha. Mwaka 1147 mwana wa Matilda, kijana Henry wa miaka kumi na minne, alivuka kuja Uingereza na kundi dogo la askari wa kukodiwa, akashindwa, akakosa hata fedha za kuwalipa. Mama yake na mjomba wake Robert hawakumpa. Akamwandikia Stephen, adui wa nyumba yao, naye Stephen akamlipia. Mwungwana kweli kweli. Lakini Stephen huyo huyo alisamehe wasiostahili, akawakamata wageni wake kwa hila alipoingiwa na shaka, na katika miaka yake kumi na tisa nchi haikutulia. Watu walimpenda, hawakumwogopa vya kutosha. Mtawala anahitaji mkono ulio thabiti na sikio lililo wazi, na mwaka 1141 Matilda alikuwa na kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Miaka ya Rouen

Robert alifariki mwaka 1147. Mwaka uliofuata Matilda aliondoka Uingereza, hakurudi tena. Alikaa karibu na Rouen, katika Normandy ambayo mumewe alikuwa ameiteka, akamwachia mwanawe madai. Na mwana alifanya kile mama hakukifanya. Alipigana, lakini alipopata nafasi ya kupatana, alipatana. Eustace alifariki Agosti 1153, na mwezi Novemba Stephen akamkubali Henry kuwa mrithi wake. Henry naye akamwacha mzee afie kwenye kiti, na mwana wa Stephen aliyebaki akaachiwa ardhi zake. Ilikuwa namna ile ile ya mapatano ambayo mwaka 1141 ilitupwa pembeni. Mwaka 1154 Stephen akafa, na tarehe 19 Desemba Henry wa Pili akavikwa taji Westminster bila upanga kuchomolewa.

Matilda mwenyewe alibadilika. Katika miaka yake ya mwisho wakuu wa kanisa na wa dola walimwendea Rouen kuomba ushauri na upatanisho. Alimshauri mwanawe mwaka 1155 asiivamie Ireland. Alipinga Thomas Becket kufanywa askofu mkuu, na ugomvi ulipozuka kati ya Becket na mfalme, ni yeye aliyeombwa awapatanishe. Alifariki tarehe 10 Septemba 1167. Mwanamke huyo wa Rouen angevikwa taji London bila shida. Hekima ilikuja ikiwa imechelewa kwake, ikamfaa mtoto.

Kwetu wako wengi wanaosimama alipokuwa amesimama Matilda mwezi ule wa Juni. Yuko mjane aliyeshinda kesi ya shamba baada ya miaka mahakamani, na kesho yake anakutana na mashemeji kisimani. Yuko mgombea aliyetangazwa mshindi baada ya kuibiwa mara ya kwanza. Yuko kijana aliyerudishiwa duka la baba yake, na wafanyakazi waliokuwa upande wa baba mdogo bado wako kaunta. Hao wote wana haki, na wana orodha ndefu ya waliowakosea. Orodha hiyo ni ya kweli. Lakini isisomwe siku ya kwanza, mbele ya watu ambao bila wao huwezi kufungua duka, kulima shamba wala kukalia kiti.

Siku ya kushinda ndiyo siku ya kupunguza madai, siyo ya kuyaongeza. Ndiyo siku ya kuinuka mshauri anapoingia. Aliyeshindwa akija kuomba asifilisiwe, mpe njia ya kuishi, kwa sababu usipompa utakuwa umemwachia kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kupambana nawe. Na mtu anayetaka kujua kama ameshinda kweli asihesabu mateka alionao. Aangalie ni wangapi kati ya waliokuwa kinyume naye jana wanaoweza kulala leo bila kumhofu.